Oksijeni na Macho ya Watoto Njiti

Katika dawa zote apewazo mtoto mchanga, ni nadra kupatikana iliyoaminiwa kama oksijeni, na kwa sababu hiyo hiyo madhara yake yalichelewa kutambulikana. Mwaka 1942, mjini Boston, tabibu wa macho Theodore Terry alieleza maradhi mageni: watoto njiti, ambao zamani wangalifariki, waliokoka, lakini baada ya miezi michache nyuma ya mboni zao ukadhihiri utando mweupe, na uwezo wa kuona ukatoweka. Lililowatatiza matabibu ni kuwa msiba huu ulishamiri zaidi katika hospitali zenye vyombo bora kuliko zile za kimaskini.

Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliishuku oksijeni iliyotolewa kwa ukarimu, na punde Norman Ashton wa London akathibitisha kwa watoto wa paka namna madhara yatokeavyo. Mishipa ya damu ya retina huanza kutambaa tangu mwezi wa 4 wa mimba, na hukamilika karibu na siku ya kuzaliwa. Basi njiti akizidishiwa oksijeni, mishipa hiyo michanga hujikaza hata ikaziba, kisha anapoondolewa oksijeni hiyo, jicho lililokosa damu huotesha mishipa mingine dhaifu, ambayo huvuja na kuibandua retina.

Huko Washington, Arnall Patz alipowapunguzia baadhi ya watoto oksijeni ili kulinganisha, wauguzi wengine, kwa huruma, waliifungulia tena usiku, wakiamini kuwa wanawaepusha na mauti. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zikaungana katika majaribio, na mwaka uliofuata shaka ikaondoka. Lakini watoto wapatao 10,000 duniani walikwisha kupofuka.

Hata hivyo, hofu nayo ilileta maafa, kwani oksijeni ilipobanwa mno, macho yalisalimika ilhali watoto wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kuwa kwa kila mmoja aliyenusurika na upofu, 16 walifariki.

Leo, hospitali zetu za Afrika Mashariki zinapozidi kuwaokoa njiti, ni wajibu kila mtungi wa oksijeni uandamane na kipimo cha oksijeni ya damu, na kila njiti akaguliwe macho na tabibu katika majuma yake ya mwanzo; maana huruma isiyopimwa iliwapofusha watoto, na tahadhari isiyopimwa ikawaua.