Wimbo Mmoja, Aina Mbili: Historia ya Msikilizaji katika Nyimbo za Machakos

Mwalimu wa fasihi simulizi anapofunza nyimbo, aghalabu huanza na uainishaji. Mwanafunzi hukariri kwamba bembelezi ni za kuwatuliza watoto, hodiya ni za kazi, nyiso ni za jandoni na mbolezi ni za matanga. Uainishaji huu una manufaa yake, wala hatukusudii kuubomoa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba aina ya wimbo haimo katika maneno na mdundo pekee. Imo pia katika historia ya yule anayeusikiliza.

Hoja hii ilinijia kwa njia ya kosa. Nikifunza katika shule moja ya Machakos, niliwaagiza wanafunzi wa Kidato cha Tatu kila mmoja alete wimbo unaopendwa nyumbani kwao na kutaja aina yake. Msichana mmoja alileta wimbo wa bendi ya Kilimambogo Brothers akauita mbolezi. Nilimkata alama na kuandika kwa wino mwekundu: "Huu ni wimbo wa dansi." Baada ya kipindi alinifuata, akasema kwa adabu, "Mwalimu, kwetu huu hauchezwi. Nyanya huuweka siku ya kumkumbuka babu." Nilimwambia aende darasani. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Tuanze na nyimbo za kazi, kwani ndizo zinazodhaniwa kuwa rahisi kuainisha. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni ililaumu wingi wa mifugo, na mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nao wakaifanya kazi hiyo shingo upande. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, mwethya ulipopewa nafasi. Mwethya ni desturi ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi kwa zamu, chini ya viongozi waliowachagua wenyewe. Wanawake walikuwa wengi katika vikundi hivyo, na kuimba kulikuwa sehemu ya kazi.

Hebu tufikirie wimbo wa kuchimba unaosikika masikioni mwa watu wawili: mmoja aliyeinua jembe mbele ya askari, na mwingine aliyeliinua katika shamba la jirani yake. Kitabuni wote wamesikia hodiya. Lakini wa kwanza anakumbuka kudhalilishwa, na wa pili anakumbuka ujirani. Mwanafunzi asiyejua historia hii ataandika "hodiya" na kupata alama zote, ilhali hajagusa maana.

Tukija kwa nyimbo za santuri na redio, jambo hili linazidi kudhihirika. Kilimambogo Brothers waliongozwa na Kakai Kilonzo hadi alipofariki mwaka 1987. Walipiga benga, mtindo uliochipuka kwa Waluo, wakaupa ladha ya Ukambani. Isitoshe, waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, hivyo wakapata wasikilizaji mbali na kwao. Enzi hizo wanaume wengi wa Machakos walifanya kazi Nairobi, Athi River na Mombasa, familia zikabaki mashambani. Redio iliunganisha pande hizo mbili. Katika vipindi vya salamu, mtangazaji alisoma majina ya watu na vijiji vyao, kisha akaweka wimbo. Tangu hapo wimbo ule haukuwa wa bendi tu. Ulikuwa pia wa yule aliyetajwa kabla yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia ya yule msichana. Nilipomwuliza hatimaye, alinieleza kwamba babu yake alikuwa kibarua Nairobi. Santuri ile aliileta nyumbani mwisho wa mwezi mmoja, na kila aliporudi ndiyo iliyowatangazia majirani kwamba amefika. Alipofariki, mkewe aliendelea kuipiga. Mdundo ni uleule wa dansi. Aliyekuwa akifika ndiye hayupo.

Huenda msomaji akapinga: iwapo kila msikilizaji ataamua aina, je, uainishaji utabaki na kazi gani? Jibu letu ni kwamba tutenganishe aina ya asili na aina ya matumizi. Mfano maarufu ni "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa maudhui ni malalamiko ya kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Pamoja na hayo, umeimbwa katika arusi nyingi, na wanaoarusi hawaoni kinyume chochote. Asili yake ni huzuni. Matumizi yake ni furaha. Mhakiki anayetaja upande mmoja tu amehakiki nusu.

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba kabla ya kuuliza "Huu ni wimbo wa aina gani?", mwalimu aulize maswali matatu: Uliusikia wapi? Nani aliupenda kabla yako? Huimbwa au huchezwa lini kwenu? Majibu yataonyesha muktadha, dhima na hadhira, mambo ambayo mtihani huyadai lakini wanafunzi wengi huyajibu kwa kukariri. Aidha, yatawatuma nyumbani kuwahoji wazee wangali hai.

Alama za yule msichana nilizirudisha. Juu ya wino mwekundu niliandika: "Dansi kwa asili, mbolezi kwa matumizi." Yeye alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama angeweza kumpelekea nyanya yake ile karatasi.