GEOFF EMERICK (1945–2018)
Fundi wa Kurekodi Sauti

Mzaliwa huyu wa London aliajiriwa mwaka 1962, angali barobaro, katika studio za EMI zilizoko barabara ya Abbey Road, akaanza kwa kazi ya msaidizi aendeshaye mashine za utepe.

Mwezi wa Aprili 1966, umri wake ukiwa miaka 20 tu, alikabidhiwa dhamana ya kuwarekodi Beatles. Na John Lennon alipotaka sauti yake isikike kana kwamba ni ya Dalai Lama aimbaye kileleni mwa mlima, Emerick aliipitisha katika spika ya kuzunguka iliyotumika kwa kinanda cha Hammond. Aidha, ilhali kanuni za studio zilikataza maikrofoni kukaribia mno ngoma, yeye aliisogeza hadi inchi chache tu kutoka ngoma kuu ya Ringo Starr, na ndani ya ngoma hiyo akashindilia sweta la sufu ili mwangwi upungue, mdundo ukatoka mzito na dhahiri.

Santuri ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band (1967), iliyorekodiwa kwa mashine za njia nne, na ile ya Abbey Road (1969), zilimpatia tuzo za Grammy. Ya tatu aliipata kwa Band on the Run, kazi ya Paul McCartney na kundi la Wings, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa Lagos, Nijeria, mwaka 1973.

Alifariki dunia nchini Marekani, mjini Los Angeles, tarehe 2 Oktoba 2018.