Jumba la Makutani na Mapatano ya Mwaka 1776

Sisi tukaao Mkongo twazijua boriti. Babu zetu walikata mikoko penye midomo ya Rufiji, na majahazi yakaichukua mpaka Unguja na Arabuni. Lakini ni wachache waliopata kuuliza kwa nini vyumba vya majumba ya kale ya pwani ni vyembamba. Sababu ni boriti yenyewe: dari ya mawe na chokaa ni nzito, nayo boriti ikizidi mita tatu hivi haiwezi kuistahimili. Basi fundi alifuata kipimo cha mti.

Ndivyo lilivyojengwa jumba la Makutani, huko Kilwa Kisiwani, kusini kwetu. Makuta yake makubwa ndiyo yaliyolipa jina. Katika karne ya kumi na nane masultani wa Kilwa waliliongeza, wakakaa humo.

Nao walipata mali kwa kuuza watu. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim aliandikiana na Mfaransa mmoja, Morice, kwamba atampa watumwa 1,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 100, kila mtu kwa riale 20, na Sultani mwenyewe apate zawadi ya riale 2 kwa kila kichwa. (Yusufu naye aliuzwa na nduguze kwa vipande 20 vya fedha.) Tena Mfaransa alipewa ngome, aweke mizinga na bendera yake. Kabla ya miaka kumi kupita Waarabu wa Omani waliitwaa Kilwa, lakini biashara ile haikukoma. Sultani Barghash ndiye aliyeikataza baharini, mwaka 1873.

Wako wasemao, nyumba ya namna hii na ianguke. Sisi hatukubali. Waliouzwa hawakuachiwa kaburi wala jina. Kuta hizi ni ushahidi wao, na mtu achukuaye jiwe moja kujengea jiko lake aufuta.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakahesabiwa kuwa hatarini, maana mawimbi yalikuwa yakila ufuko na mvua ikilegeza mawe. Mafundi wakatengeneza kuta kwa chokaa kama wazee, hata mwaka 2014 yakaondolewa katika hesabu ya hatari. Na ufukoni, ili kuizuia bahari, ilipandwa mikoko.