Misa kama sadaka: hoja za Biblia

Misa ni adhimisho kuu la ibada ya Kanisa Katoliki. Kwa imani ya Kanisa hilo, ndani yake sadaka ya Yesu Kristo msalabani hufanywa kuwapo katika maumbo ya mkate na divai. Fundisho hili lilipingwa vikali na wanamatengenezo wa karne ya 16. Mwaka 1520 Martin Luther aliliweka miongoni mwa vifungo vitatu ambamo, kwa maoni yake, sakramenti ya Ekaristi inayoadhimishwa katika Misa ilikuwa imefungwa, na John Calvin akaliona kuwa linamvunjia Kristo heshima. Kifungu cha 31 kati ya vile 39 vya Waanglikana kinakataa sadaka za Misa katika maana hiyohiyo.

Ubishi huu mara nyingi huchanganywa na ule wa uwepo wa Kristo katika Ekaristi. Walutheri wanakiri kwamba Mwili na Damu ya Bwana vimo kweli katika chakula hicho, lakini wanakataa kwamba padre hutoa sadaka. Kwa hiyo anayetegemea peke yake sura ya 6 ya Injili ya Yohane, ambayo inahusu uwepo huo, hajajibu hoja yao.

Hoja yenyewe imo katika Waraka kwa Waebrania. Sura ya 7, 9 na 10 zinasisitiza kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, na kwamba penye ondoleo la dhambi hapana tena toleo kwa ajili ya dhambi. Mkatoliki anayakubali maneno haya yote. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 22 tarehe 17 Septemba 1562, haukufundisha kwamba Kristo anasulubiwa upya, wala kwamba Kalvari ilipungukiwa na kitu. Ulifundisha kwamba anayetolewa ni yuleyule na anayetoa ni yuleyule, sasa kwa huduma ya mapadre. Kinachotofautiana ni namna ya kutoa, kwa kuwa altareni damu haimwagwi. Waraka huohuo unamwonyesha Kristo akiwa bado kuhani mbinguni: anaishi daima ili kuwaombea watu wake (7:25), naye ni lazima awe na kitu cha kutoa (8:3). Kifo chake kimepita, ukuhani wake haujapita.

Ushahidi ulio imara kuliko wote uko katika 1 Wakorintho 10:14-22. Paulo anawakataza Wakristo kula vilivyotolewa kwa sanamu, na hoja yake inasimama juu ya ulinganifu: Waisraeli walao sadaka wanashiriki altare, wapagani walao sadaka zao wanashirikiana na mashetani, na Wakristo wanashiriki Mwili na Damu ya Kristo. Kama chakula cha Wakristo hakihusiani na sadaka, ulinganifu huo unapoteza nguvu yake. Tena anakitaja kuwa meza ya Bwana, na katika Malaki 1:7 na 1:12 meza ya Bwana ni altare. Katikati ya aya hizo, Malaki 1:11 inatangaza sadaka safi itakayotolewa kati ya mataifa kila mahali. Didake, mwongozo wa kale sana wa Wakristo, inaunganisha unabii huo na kuumega mkate siku ya Bwana. Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, anauhusisha waziwazi na mkate na kikombe cha Ekaristi.

Katika Karamu ya Mwisho, Yesu alitaja damu ya agano, maneno yanayorudi kwa Musa akiwanyunyizia watu damu ya sadaka chini ya Sinai (Kutoka 24:8). Mwanakondoo wa Pasaka naye hakuchinjwa tu: ilipasa aliwe, hivyo kula kulikuwa sehemu ya sadaka yenyewe.

Si kila aya inayotumiwa ina uzito uleule. Kuhani Melkizedeki alileta mkate na divai (Mwanzo 14:18), na Sipriano wa Karthago aliona hapo mfano wa Ekaristi, lakini Waebrania 7 haivitaji vitu hivyo. Altare ya Waebrania 13:10 hufasiriwa na wengi kuwa msalaba.

Mwaka 1982, hati ya Lima ya Tume ya Imani na Katiba, chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilieleza Ekaristi kuwa ukumbusho wa Kristo, yaani ishara iliyo hai na yenye nguvu ya sadaka yake. Lililobaki kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ni kama Kanisa, likiungana na Kristo, linamtoa yeye mwenyewe kwa Baba, au linatoa sifa na shukrani tu kwa ajili ya alichokwisha kutenda.