Miraa ya Kianjai na nafasi ya ndege ndogo angani

MAGARI ya miraa yanayopita Kianjai, katika barabara ya kutoka Maua kwenda mjini Meru, hayasifiki kwa mwendo wa pole. Sababu yake inafahamika kwa kila mkulima wa Tigania na Igembe. Miraa, hata ikifungwa vyema kwa majani ya migomba, hunyauka baada ya siku mbili hivi, na bei yake hunyauka pamoja nayo.

Lisilozungumzwa sana ni kwamba barabara ni sehemu ya kwanza tu ya safari. Mzigo wa kwenda Somalia hupakiwa ndegeni Nairobi, na kwa miaka mingi Uwanja wa Ndege wa Wilson umekuwa lango mashuhuri la biashara hiyo. Mzigo uliokimbizwa zaidi ya kilomita 200 hufika hapo na kungoja zamu yake kama mizigo mingine.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika baada ya Uholanzi kuipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza kufuata mwaka 2014. Somalia ndiyo iliyobaki soko kuu la nje. Safari za ndege za miraa kwenda huko zilipositishwa Machi 2020, mkulima alibaki na mazao yasiyo na mnunuzi wa kutosha hadi zilipofunguliwa tena Julai 2022.

Ndege za aina gani?

Katika istilahi za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), usafiri wa anga wa jumla ni ule usiobeba abiria wala mizigo kwa malipo. Humo mna ndege za watu binafsi, za mafunzo ya urubani na zile ambazo kampuni hutumia kusafirisha maafisa wao. Ndege za miraa, kwa kuwa hukodishwa, huhesabiwa kuwa za kibiashara zisizo na ratiba.

Hata hivyo, mwongozaji ndege aliye mnarani huziona zote kwa jicho karibu moja. Nyingi ni ndogo, hazina ratiba ya kudumu, na saa ya kuruka hubadilika kulingana na mgonjwa, mteja au mzigo.

Wilson ni makao ya kale ya ndege za namna hiyo. Historia yake inaanzia mwaka 1929, wakati wa kampuni ya Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja huo ulipewa jina lake mwaka 1962. Hapo ndipo pia yalipo makao ya madaktari wa ndege wa AMREF, huduma iliyoasisiwa mwaka 1957.

Kazi ya waongozaji

Nchini Kenya, uongozaji wa ndege angani ni jukumu la Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Rubani huruka kwa mojawapo ya kanuni mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa kuona, ambapo yeye mwenyewe huangalia asikaribie ndege nyingine, mlima wala wingu. Ya pili ni kuruka kwa kutegemea vyombo, ambapo katika anga inayosimamiwa, waongozaji humtenganisha na ndege nyingine zinazofuata kanuni hiyo.

Ugumu hutokea pale makundi haya mawili yanapokutana. Ndege kubwa huenda kasi na huacha nyuma yake hewa yenye msukosuko unaoweza kuipindua ndege ndogo. Ndiyo maana ndege ndogo hungojeshwa dakika mbili au tatu nyuma ya ndege kubwa. Palipo na msongamano, dakika hizo hujumlika zikawa foleni.

Hatari si ya kufikirika. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 iligongana angani na ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172, muda mfupi baada ya kuondoka Wilson. Ile kubwa ilirejea na kutua salama. Watu wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki.

Upande wa Meru, milima nayo ni mtihani. Julai 19, 2003, ndege ya kukodi iliyokuwa ikielekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Mawimbi ya rada hayapenyi mlima. Ndege ndogo inayoruka chini upande wa pili inaweza kutoonekana kabisa.

Mahitaji

Hitaji la kwanza ni zamu ya haki. Msingi unaotumika ni kwamba aliyetangulia huhudumiwa kwanza, isipokuwa panapokuwa na dharura au mgonjwa. Ndege isiyo na ratiba haifai kusukumwa nyuma kwa kuwa tu ni ndogo.

La pili ni habari za hali ya hewa na za hali ya viwanja, zimfikie rubani kabla hajaondoka. La tatu ni vifaa vya bei nafuu. Vipo vinavyopokea ishara za satelaiti na kutangaza mahali ndege ilipo, na vituo vya kuvipokea ardhini hugharimu kidogo kuliko rada.

La nne ni viwanja vilivyo karibu na mazao. Uwanja wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017 katika mpaka wa kaunti za Isiolo na Meru, uko karibu zaidi na Kianjai kuliko Wilson. Lakini ulifunguliwa ukiwa na njia ya kurukia ya kilomita 1.4 pekee. Katika joto la Isiolo hewa huwa nyepesi, na ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Rubani akilazimika kupunguza shehena, faida ya ukaribu nayo hupungua.

Kwa mkulima wa Kianjai, basi, urefu wa njia hiyo na mpangilio wa zamu angani ni mambo yanayoingia katika bei ya kila kibunda, sawa na mvua na barabara.