Ada Imelipwa, Posho Je?

Mwaka 1984 mtu mmoja wa milima ya Rwenzori alisafiri kwenda Marekani kusoma kwa gharama ya serikali ya Uganda. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na ushei, umri ambao wengine wameshasahau daftari, lakini yeye ujana wake wote ulikuwa umepita milimani. Charles Wesley Mumbere alirithi uongozi wa Rwenzururu, harakati ya kujitenga na ufalme wa Toro, mwaka 1966, baba yake alipofariki, naye hajafika hata miaka 15. Agosti 1982 alishuka na watu wake, wakaweka silaha chini baada ya mazungumzo na serikali ya Milton Obote. Miaka miwili baadaye akapelekwa ng'ambo, akaandikishwa katika chuo cha biashara.

Ada ikalipwa, posho ikatumwa. Kisha Julai 1985 wanajeshi wakampindua Obote. Serikali iliyomtuma ikaanguka, na posho ikakatika.

Kwa Mtanzania posho ni fedha ya kujikimu. Ukivuka kuingia Uganda ukasema unataka posho, utaletewa ugali. Mzizi ni mmoja: kile chakula cha kila siku alichopimiwa mpagazi au kibarua ili aweze kuamka kesho na kubeba tena. Nimeifuatilia historia ya ufadhili wa masomo kwa watu wa wilaya ya Kasese na mji wa Bwera ulio mpakani na Kongo, na kila nilipofika nimekuta maana hizo mbili zimekaa pamoja. Ada hupata mlipaji. Kinachomrudisha mwanafunzi nyumbani, au kumwacha akihangaika ugenini, ni nauli, chumba na sahani ya chakula.

Tuanzie nyuma kidogo. Kabla ya uhuru Kasese haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Toro, na mambo yake yakiamuliwa Fort Portal. Wakonzo na Waamba, wenyeji wa Rwenzori, walikuwa na malalamiko mengi, ya kodi, ya ardhi na ya vyeo, na elimu ilikuwamo: shule zao zilikuwa chache, na basari zilipogawiwa waliona watoto wao wanarukwa. Isaya Mukirane, baba yake Mumbere, aliyewaongoza viongozi wenzake kujitenga na Toro mwaka 1962, alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na mwalimu anajua ni mtoto yupi alistahili kuendelea na hakuendelea. Ni jambo zito kukumbuka kwamba kati ya mambo yaliyowafanya watu wachukue mikuki na kupanda mlima, moja lilikuwa karo ya shule.

Kilichouma zaidi ni kwamba vita hivyo viliwachelewesha haohao waliokuwa wakivipigania. Rwenzururu ilijitahidi kuendesha shule zake huko juu, lakini mtoto wa milimani alikuwa mbali na ofisi zilizogawa nafasi za kwenda nje, na miaka hiyo ndiyo milango ilikuwa imefunguka kuliko wakati wowote.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyosafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Treni hiyohiyo ilibeba abiria, kwa hiyo safari ya Kampala ilikuwa inawezekana kwa aliyekuwa na nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea Marekani. Mpango huo unasifiwa kama hadithi ya ufadhili, lakini wengi wa vijana wale walikuwa wameshapata nafasi vyuoni, na baadhi yao na msaada wa ada juu yake. Walichokosa kilikuwa tiketi. Ndiyo maana Mboya alizunguka Marekani akichangisha fedha za kukodi ndege, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa kazi hiyo. Baada ya Kenya, vijana wa nchi jirani nao wakaingizwa. Walipofika, wengi walifanya vibarua ili wale.

Mashariki nako kulikuwa na mlango. Mwaka 1960 Wasovieti walifungua chuo kikuu cha urafiki wa mataifa mjini Moscow, na mwaka uliofuata wakakipa jina la Patrice Lumumba aliyekuwa ameuawa Januari. Jina hilo halikuwa geni Bwera, ambako Kongo yake inaonekana kwa macho ng'ambo ya mto. Wasovieti walitoa kifurushi kizima: ada, malazi, matibabu, posho ya mwezi, hata nauli. Gharama yake ilikuwa mwaka mzima wa kujifunza Kirusi, na ukirudi, mashaka ya wakubwa waliosoma London.

Enzi ya Idi Amin iliifanya Kasese kuwa wilaya inayojitegemea, mwaka 1974, lakini ikafunga njia nyingine. Marekani iliufunga ubalozi wake Kampala mwaka 1973, na Uingereza ikakata uhusiano mwaka 1976. Mwanafunzi hana sauti katika ugomvi wa namna hiyo, ila yeye ndiye anayekosa barua aliyokuwa akiisubiri.

Hivyo ndivyo tunavyorudi kwa Mumbere, kwa sababu kisa chake ndicho kinachoonyesha wazi ufadhili wa kisiasa unavyofika mwisho. Hakufeli. Aliyesaini hundi alikuwa hayupo tena. Mwaka 1987 alipata hifadhi ya kisiasa, akasomea uuguzi msaidizi, akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Washington. Baadaye akahamia Pennsylvania, katika mji wa Harrisburg, akaendelea na kazi hiyohiyo. Wenzake kazini kwa miaka hawakujua kwamba huyu anayewahudumia wazee vitandani, nyumbani kwao ni Omusinga, yaani mfalme. Alirudi mwaka 2009, na tarehe 19 Oktoba mwaka huo ufalme wa Rwenzururu ukazinduliwa ukiwa umetambuliwa na serikali. Yaliyompata yeye na watu wake Novemba 2016, walipouawa watu zaidi ya 100 mjini Kasese, ni msiba unaohitaji makala yake.

Miaka 25 ugenini, kwa safari iliyoanza na barua ya kwenda kusoma. Sioni aibu hata chembe katika kazi aliyoifanya. Naona uchungu wa mtu aliyeahidiwa, akaachwa njiani.

Leo milango ni mingi kuliko zamani. Wizara ya Elimu na Michezo ya Uganda hutangaza nafasi zinazotolewa na serikali rafiki, zikiwamo Algeria, Uchina, India, Misri na Cuba. Uturuki ina mpango wake unaolipa ada, bweni, bima, posho ya mwezi na tiketi, pamoja na mwaka wa kujifunza Kituruki. Chevening ya Uingereza huchukua wa shahada ya uzamili waliokwisha kufanya kazi angalau miaka miwili. Mfuko wa Mastercard ulianza kusomesha vijana wa Afrika mwaka 2012, Makerere ikiwa mmoja wa washirika wake. Kwa mtoto wa Bwera nafasi ya Algeria ina jambo lake la pekee: masomo mengi ya kule yamekuwa yakianza na mwaka wa Kifaransa, na yeye Kifaransa amekisikia tangu utoto kwa madereva na wachuuzi wa Kasindi, upande wa Kongo.

Katika nafasi nyingi za serikali kwa serikali, nchi mwenyeji hulipa ada na malazi, na Uganda huongeza tiketi na nyongeza ya posho. Nyongeza ikichelewa, mwanafunzi hupiga simu nyumbani. Na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inawakopesha wanaosoma katika vyuo vya ndani ya Uganda. Mkopo wake hauvuki mpaka, na hata kwa wa ndani haugusi chakula wala chumba.

Kwa hiyo mzigo unarudi nyumbani. Tazama jalada la mwombaji mmoja. Cheti cha kidato cha sita kimetolewa nakala mpaka wino umefifia. Kuna barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, yenye mhuri wa duara uliokaa upande. Pasipoti ni shilingi 250,000, na kuifuata ni safari ya Mbarara au Kampala, pamoja na kulala. Hapo bado hajaomba viza. Akiwa anakwenda Uingereza kwa ufadhili wa nusu, ataambiwa aonyeshe kuwa benki ana fedha za kujikimu zilizokaa siku 28 mfululizo bila kupungua. Sharti hilo lilitungwa na watu wenye mshahara wa mwezi. Fedha ya mkulima wa kahawa hailali siku 28. Inaingia Jumanne, Ijumaa imeshalipa vibarua, dawa na karo ya wadogo zake. Mzazi anayetaka kulitimiza hukopa kwenye SACCO akiweka dhamana mkataba wa shamba, na riba inatembea huku fedha imekaa benki kama picha ukutani.

Nimewasikia watu wakisema wakulima hawa hawathamini elimu. Wanaosema hivyo hawajasimama Mpondwe, mpakani, siku ya soko wakatazama mama anayeuza kahawa, vanila na samaki wa Katwe ili mmoja tu kati ya sita asome. Na hapo Mpondwe ndipo, Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia shule ya sekondari usiku, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Shule zilifunguliwa tena, na wazazi wakaendelea kulipa.

Kuna pia ng'ambo isiyohitaji ndege. Daraja la Mpondwe linavukwa kwa miguu, na upande wa pili Wanande wa Beni na Butembo wanazungumza lugha iliyo karibu sana na ya Wakonzo. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989. Vijana wa kule nao huvuka kuja Uganda kutafuta Kiingereza. Wengi wao hawajafadhiliwa na serikali yoyote. Wanalala kwa shangazi, kwa binamu, kwa mtu wa ukoo, na hiyo ndiyo posho yao. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wanafunzi hawa walikuwa wameshaivuka mipaka hiyo muda mrefu.

Katika fomu nyingi za maombi nilizoziona kuna swali karibu na mwisho: gharama ambazo mfadhili halipi zitabebwa na nani? Hapo kalamu husimama. Mwombaji hutazama nje, humuuliza mzazi kwa Lhukonzo, mzazi huitikia kwa kichwa. Kisha anaandika, kwa Kiingereza cha darasani na herufi safi: baba, mkulima wa kahawa, Bwera.