Mguu Umerudi

Simu iliita asubuhi moja ya Januari 2022, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku. Daktari hakunisalimu. "Mguu umerudi," alisema, kisha akanyamaza. Nilimsikia akihema kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

Mguu wenyewe haukuwa wa mgonjwa. Ni wa Artemi, mungu wa kike wa Wagiriki, uliochongwa katika marumaru zaidi ya miaka 2,400 iliyopita kwa ajili ya hekalu la Parthenon mjini Athens. Kwa karibu karne mbili ulikuwa Palermo, kisiwani Sicily. Ni kipande cha ukubwa wa sinia: unaona unyayo na pindo la vazi, basi. Palermo walikuwa wameupeleka Athens kwa mkopo, na katikati ya mwaka huo ikaamuliwa ubaki huko moja kwa moja. Lakini Daktari hakungojea uamuzi. Kwake, mguu uliokwisha fika kwenye mwili wake haungeng'olewa tena.

Nilifanya naye kazi kwa miaka mingi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya London. Mimi nilikuwa nesi wa kumpa vifaa. Yeye alikuwa bingwa wa kuunga vidole na mikono iliyokatwa na mashine. Alizaliwa Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki ambacho kwa vizazi vingi wanaume wake waliishi kwa kupiga mbizi kutafuta sponji. Tulipohesabu vitambaa kabla ya kufunga jeraha, alikuwa akitukumbusha kwamba kwao sponji hazisahauliwi chini. Hakuwahi kumfokea mtu mbele ya mgonjwa. Siku moja alinisikia nikimwambia mzee mmoja "pole", akaniuliza maana yake, na tangu siku hiyo akawa anawaambia wagonjwa wake wote, Waingereza kwa Wapolandi, "pole".

Jumapili moja alinialika British Museum. Nilidhani tutazunguka. Alinipeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa sanamu za Parthenon, akasimama mbele ya kiwiliwili cha Poseidon, mungu wa bahari.

"Sehemu nyingine ya kifua hiki iko Athens," alisema. "Ukiletewa mgonjwa hivi, utafanyaje?"

Kisha akanieleza historia, taratibu, kama anayesoma faili la mgonjwa. Mwaka 1801, Ugiriki ikiwa chini ya Dola ya Uthmaniya, watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza huko Istanbul, walianza kuondoa sanamu kwenye hekalu. Walidai wana kibali. Kilichobaki cha kibali hicho ni tafsiri ya Kiitaliano, na wasomi bado wanabishana kama kiliruhusu kuokota mawe au kubomoa ukuta. Mawe mengine yalikuwa mazito mno, wakayakata kwa msumeno nyuma, wakabeba uso wenye nakshi tu. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza likamlipa Elgin pauni 35,000, na mzigo wote ukawa mali ya British Museum.

Alipofika kwenye habari ya meli alipunguza sauti. Mwaka 1802 meli ya Elgin iliyoitwa Mentor ilizama karibu na kisiwa cha Kythera ikiwa na masanduku ya marumaru. Walioajiriwa kuyatoa baharini walikuwa wapiga mbizi wa sponji kutoka Symi na Kalymnos. Kazi ile ilikwenda mpaka mwaka 1804.

"Watu wa kwetu," alisema. "Labda babu wa babu yangu. Walilipwa, wakarudi nyumbani. Wangeyaacha chini, leo tungekuwa tunayatafuta wenyewe."

Nilimpenda kwa sababu hakuficha upande uliomuumiza. Alikiri kwamba si Elgin aliyelivunja hekalu. Waliolilipua ni Wavenisi, mwaka 1687, kombora lao lilipoangukia baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi ndani. Alikiri pia kwamba sanamu zilizobaki Athens ziliharibiwa baadaye na moshi wa mji. Lakini ukimwambia London ndiko zilikotunzwa, alikuwa akikujibu kwa mwaka mmoja tu: 1938, wafanyakazi walipozikwangua kwa vyuma wakitaka ziwe nyeupe, ilhali marumaru ile kwa asili hupata rangi ya asali kadiri muda unavyopita.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimekaa nalo tangu tulipoingia.

"Daktari, unajua ngoma yetu imo humu?"

Hakujua. Mimi ni Mpokomo, wa Mto Tana. Ngadji ilikuwa ngoma kuu ya Wapokomo, yenye heshima ya kiibada na ya utawala. Mlio wake ulikuwa amri. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, ikaishia British Museum. Haikuwekwa ukumbini kama sanamu zake. Imekaa ghalani zaidi ya miaka mia moja. Sheria ya mwaka 1963 inayolizuia jumba lile kutoa vitu vyake ni ileile moja, kwa Poseidon na kwa Ngadji.

Alikaa kwenye benchi. "Miaka 30 naingia jengo hili," alisema, "na sijawahi kuuliza ghalani kuna nini."

Juma lililofuata alinionyesha barua aliyotaka kumpelekea mbunge. Alikuwa ameongeza aya kuhusu Ngadji. Nia yake ilikuwa njema, lakini nilikasirika. Nilimwambia ngoma yetu si ushanga wa kupamba mkufu wa Wagiriki. Isitoshe, hoja yake ya mwili uliokatwa haikuitosha. Ngadji haikukatwa, ni nzima. Waliokatwa ni wale waliobaki nyumbani bila kuisikia.

Aliisoma tena aya ile, akaifuta kwa kalamu yake. "Basi andika wewe," alisema.

Sikuandika. Kazi ilikuwa nyingi. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Yeye aliendelea na barua zake, hata baada ya kustaafu, na kila nilipompigia simu aliniuliza kama nimeanza. Alifariki mwishoni mwa mwaka 2022. Hakuwahi kusikia kwamba mwezi Machi uliofuata Vatikani ilikabidhi Ugiriki vipande vitatu: kichwa cha farasi, cha mvulana na cha mwanamume mwenye ndevu.

Nilikwenda Athens baada ya msiba. Ghorofa ya juu ya Makumbusho ya Akropoli, iliyofunguliwa mwaka 2009, ina kuta za kioo, na ukigeuka unaliona hekalu lenyewe kilimani. Sanamu zimepangwa kama zilivyokuwa kwenye jengo. Penye kipande cha asili, marumaru ina rangi ya asali. Pasipo nacho wameweka nakala ya plasta, nyeupe kama bandeji. Hakuna aliyejaribu kuficha mahali zinapokutana. Nilifikiri Daktari angeusifu mshono ule, kwa sababu ulikuwa mkweli.

Niliutafuta mguu wa Artemi. Ni mdogo, na watu wengi walipita bila kuutazama. Nilisimama mpaka mlinzi akaanza kuniangalia, kisha nikatoka nje na kumpigia mjomba wangu kule Tana. Nilimuuliza anakumbuka nini alichoambiwa na wazee kuhusu Ngadji.

Alikaa kimya kidogo.

"Wewe uko hukohuko Uingereza miaka yote hii," alisema. "Umewahi kwenda kuomba kuiona?"

"Bado, mjomba."

"Nenda kwanza. Ukitoka huko, nipigie, nitakueleza."

Niliporudi London niliandika barua ya kuomba kuiona. Ina aya moja tu, na haimtaji Poseidon.